Kutoka Bluzi hadi Progresivu: Mwongozo Kamili kwa Wanamuziki wa Mwanza

Mwongozo huu ni wa mwanamuziki ambaye tayari anaweza kusimama na bendi kwenye baa ya Kirumba au hoteli za Capri Point, akapiga bluzi ya vipimo 12 (mafungu 12 ya mapigo manne) na kopi za roki usiku mzima bila kutazama karatasi, na sasa ameanza kuchoka. Kodi, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, ni zilezile tatu. Solo anaijua kabla vidole havijaifikia. Nyumbani, kwenye simu, anasikiliza King Crimson au Yes, bendi za Uingereza za progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu na mapigo yasiyo ya kawaida, anavutiwa, anawapelekea wenzake mazoezini, na bendi inaanguka kwenye kipimo cha tatu.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba progresivu ni muziki wa waliosomea nota, wanarudi kwenye kopi. Mimi naona tatizo liko kwingine: wamebadili mambo matano kwa mpigo mmoja. Mapigo mapya, skeli mpya, kodi mpya, sauti mpya, urefu mpya. Hakuna bendi inayobeba mzigo huo kwa mara moja. Progresivu ilizaliwa tumboni mwa bluzi na roki, na njia ya kuifikia ni kuirefusha bluzi unayoijua, ukibadili jambo moja kwa wakati, huku mguu wa msikilizaji ukiendelea kugonga sakafu. Hilo la mguu nitalirudia, kwa sababu hapa kwetu watu huja kucheza.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: gitaa, besi, drams, kinanda chochote chenye sauti ya ogani (hata kile cha kwaya kinatosha), simu yenye programu ya metronomu na ya kurekodi, na daftari.

1. Kagua bluzi yako kwanza

Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika na upige bluzi ya polepole katika A, mzunguko baada ya mzunguko, huku simu ikirekodi. Kisha sikiliza. Kama unaikimbiza metronomu kila ukifika kwenye kodi ya tano (katika A ni ile ya E), hujawa tayari kwa mapigo saba, maana huko hakuna mazoea ya kukushika mkono. Piga tena katika ufunguo usioupenda, tuseme B bemoli. Halafu piga solo ya mzunguko mzima kwa nota tatu tu. Zoezi hili la mwisho ndilo linalotenganisha watu: anayeweza kusema jambo kwa nota tatu atakuwa na la kusema akipewa nota saba.

Ukikwama hapa, kaa hapa. Hakuna aibu, bluzi yenyewe ni kazi ya maisha.

2. Sikiliza waliovuka, kwa mpangilio

Usianzie kwenye albamu ngumu kuliko zote. Chukua bendi iliyoanza kama wewe, kisha uisikilize ikivuka, albamu baada ya albamu.

Mfano bora ni Jethro Tull wa Uingereza. Albamu yao ya kwanza, This Was ya mwaka 1968, ni bluzi yenye filimbi. Mpiga gitaa wao Mick Abrahams alitaka kubaki kwenye bluzi, akaondoka na kuunda Blodwyn Pig. Akaingia Martin Barre. Stand Up ya 1969 tayari ina harufu nyingine: kuna kipande cha Bach kilichogeuzwa kuwa cha filimbi na besi. Mwaka huohuo walitoa Living in the Past, wimbo wa mapigo matano uliopanda chati za Uingereza na watu wakaucheza bila kuhesabu chochote. Kufikia Thick as a Brick ya 1972, albamu nzima ilikuwa wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili za sahani. Miaka minne, kutoka vipimo 12 hadi hapo. Sikiliza albamu hizo kwa kufuatana na uandike kwenye daftari ni kitu gani kipya kimeongezwa kila mara. Utaona ni kimoja au viwili tu.

Rush wa Kanada ni mfano wa pili: albamu yao ya kwanza ya 1974 ni roki nzito ya kawaida. Neil Peart akaingia kwenye drams mwaka huo, na mwaka 1976 wakatoa 2112, ambayo upande wake wa kwanza wote ni hadithi moja ya dakika zipatazo 20. Colosseum nao walitoka moja kwa moja kwenye bluzi: Jon Hiseman, Dick Heckstall-Smith na Tony Reeves wote walikuwa wamempigia John Mayall, kiongozi wa bendi ya bluzi ya Uingereza, kabla ya kuanzisha bendi hiyo mwaka 1968. Na Pink Floyd, ambao leo hakuna anayewaita watu wa bluzi, walichukua jina lao kutoka kwa wapiga bluzi wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council.

Kwa mpiga gitaa ninayemfahamu, asiyetaka nadharia nyingi, ningempa wimbo mmoja tu: Money wa Pink Floyd, wa mwaka 1973. Rifu ya besi, yaani kile kipande kifupi kinachojirudia, ni ya mapigo saba. Mpangilio wa kodi ni ndugu wa bluzi ya minor. Saksofoni ya Dick Parry inapiga solo juu ya saba hizo, halafu gitaa la David Gilmour linapoingia bendi inahamia kwenye mapigo manne ili alipige kwa raha. Wimbo mmoja una ulimwengu wote wawili, na mlango kati yao unausikia ukifunguka.

3. Hesabu kwa samaki

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa.

Mapigo yasiyo ya kawaida hayahesabiwi moja, mbili, tatu hadi saba. Ukifanya hivyo kichwa kinajaa namba na mkono unaganda. Yanagawanywa katika mafungu ya mbili na ya tatu, na kila fungu linapewa neno. Sisi wa ziwani maneno tunayo: *sato* lina silabi mbili, *dagaa* lina tatu. Sema kwa sauti, huku ukipiga kofi kwenye silabi ya kwanza ya kila neno:

Tano: sa-to da-ga-a.
Saba: sa-to sa-to da-ga-a.
Nane iliyopinda: da-ga-a da-ga-a sa-to.
Kumi na moja: da-ga-a da-ga-a da-ga-a sa-to.

Mkazo ubane kwenye silabi ya kwanza, hata kama Kiswahili kinautaka kwenye *ga*. Itasikika vibaya kama maneno, lakini kama mapigo itakaa sawasawa. Fanya hivi kwenye daladala, jikoni, popote, mpaka kofi liende lenyewe huku unazungumza na mtu mwingine. Ndipo ushike gitaa.

Hiyo ya kumi na moja ndiyo rifu ya kufungulia Whipping Post ya Allman Brothers, ya mwaka 1969. Gregg Allman, aliyeutunga, alieleza baadaye kwamba hakujua kama ni mapigo kumi na moja. Yeye alisikia tatu, tatu, tatu, kisha mbili za kumrudisha mwanzo. Bendi ya bluzi kabisa, ya kusini mwa Marekani, na ubeti ukianza wanarudi kwenye mwendo wa kawaida wa bluzi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba hesabu hizi ni za maprofesa.

Sasa mazoezi yenyewe, kwa ngazi.

*Ngazi ya kwanza: toa pigo moja.* Chukua shafo yako ya A (bluzi ya mwendo wa kurukaruka), vipimo 12, mapigo manne kila kimoja. Kipimo cha 12 kipunguze kiwe cha mapigo matatu. Mzunguko unaanza upya mapema kuliko mwili unavyotegemea. Bendi itagongana mwanzoni. Endeleeni mpaka mgongano uishe. Halafu punguzeni na kipimo cha 4 na cha 8. Mzunguko uliokuwa na mapigo 48 sasa una 45, na bado ni bluzi ambayo mtu anaweza kuimba.

*Ngazi ya pili: rifu ya saba.* Kwenye uzi wa tano na wa sita, nusu-pigo kwa kila silabi: sa (A wazi), to (A), sa (C, kizuizi cha tatu), to (A), da (D), ga (C), a (G, kizuizi cha tatu kwenye uzi wa sita). Nota zote hizo ziko kwenye pentatoniki unayoijua. Rudia polepole, mapigo 70 hivi, mpaka isikike kama wimbo. Kisha ihamishe ifuate ramani ya bluzi: A, halafu D, rudi A, nenda E. Umepata bluzi ya saba.

*Ngazi ya tatu: mguu.* Hapa ndipo bendi nyingi hupoteza wachezaji. Mpiga drams akikata kila rifu kwa kiki (ngoma kubwa ya mguu) nzito kwenye pigo la kwanza, msikilizaji anajikwaa kila baada ya sekunde mbili. Badala yake mpiga drams aende moja kwa moja, kiki na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwa zamu, kama vile hajui gitaa linafanya nini. Rifu yako ina nusu-pigo 7, kwa hiyo rifu mbili ni mapigo 7 kamili ya drams, na rifu nne ni mapigo 14, ambapo kiki na rifu vinakutana tena mwanzoni. Gitaa linapinda, drams haipindi, na mchezaji anafuata drams. Mpiga besi achague upande. Mimi napendelea awe upande wa gitaa kwenye beti na upande wa drams kwenye kiitikio.

Kuna mzee mmoja wa besi aliyenisikiliza nikieleza haya mazoezini, akaweka besi chini.

"Kijana, wimbo wako unachechemea."

"Ndivyo nilivyotaka, mzee."

"Basi na uchecheme wima," akasema, akaichukua besi tena. Sijawahi kusikia maelezo mazuri zaidi ya ngazi ya tatu.

Ukitaka kusikia ujanja huo kwa wakubwa, sikiliza Kashmir ya Led Zeppelin, ya 1975. Gitaa linazunguka kwa tatu, drams za John Bonham zinakwenda kwa nne bila wasiwasi, na wanakutana kila baada ya mapigo 12.

4. Nenda Kisesa

Kabla ya kuendelea na kodi, funga safari fupi. Kilomita chache kutoka mjini, barabara ya Musoma, ipo Bujora, pale Kisesa, kituo cha makumbusho ya Wasukuma. Mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu zamani, hupiga na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande ukivuta watu waje kwake.

Usiende kama mtalii. Simama karibu na wapigaji na ufuatilie ngoma moja tu mpaka uijue, kisha hamia nyingine, halafu jaribu kuzisikia zote mbili. Mmoja anashikilia, mwingine anagawa wakati kwa namna yake, na manyanga yanapita katikati. Bugobogobo, ile ngoma ya majembe, itakuonyesha jambo lingine: mwendo unavyoweza kupandishwa hatua kwa hatua bila watu kupotea, kwa sababu mwili una kazi ya kufanya. Rekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na ukimpata mpigaji aliye tayari kukaa nawe, mlipe muda wake kama unavyomlipa mwanamuziki mwingine yeyote.

Ukirudi mjini, chukua mgawanyo mmoja uliousikia, umpe mpiga drams, na utunge rifu ya bluzi juu yake. Naamini hapa ndipo bendi ya Mwanza inaweza kuwa na kitu ambacho bendi ya Birmingham haina. Kupiga mapigo saba kama Waingereza wa mwaka 1973 ni mafunzo mazuri, lakini wao wameshafanya.

5. Ongeza nota mbili, kisha acha besi isimame

Skeli nitaipitia haraka, maana wapiga gitaa huipenda kupita kiasi.

Pentatoniki ya A minor ni A, C, D, E, G. Ongeza B na F kali (F#). Umepata modi ya Dorian, nota saba, na ile F kali ni moyo wa kodi ya D major. Waambie kinanda na rithimu wapige Am7 na D kwa kupokezana, vipimo viwili kila moja, muda mrefu. Piga solo yako ya kawaida ya bluzi juu yake, ukigusa F kali wakati kodi ya D imeingia. Usiache kuvuta nyuzi, usiache mtetemo wa kidole. Breathe ya Pink Floyd imesimama juu ya wazo hilo, katika E minor na A. Waliosoma nota huja na skeli tupu kama mazoezi ya darasani, wakati wewe una sauti ya kulia. Itumie.

Kwa kodi, ujanja unaolipa haraka kuliko wote ni besi iliyosimama. Besi ishike A bila kuhama. Juu yake kinanda kipite A, G, F, D, kila kodi vipimo viwili. Kila kodi inakutana na ile A kwa namna yake, na wimbo unapata mvutano bila mtu yeyote kupiga kitu kigumu. Washirika wa kwaya mtakuwa mmeshaisikia hii kwenye ogani kanisani, mguu ukishikilia nota moja huku mikono ikitembea.

Punguza ovadraivu, ule ukwaruzo wa sauti ya gitaa. Kodi yenye nota nne au tano ikipitia kelele nyingi inakuwa uji. Kile kiasi unachotumia kwa roki, kata nusu.

6. Tunga kwa vipande

Wimbo mrefu wa progresivu haupatikani kwa kurefusha solo. Solo ya dakika sita ni bluzi iliyosahau kumaliza. Unapatikana kwa vipande vyenye sura tofauti vilivyofungwa na kitu kimoja kinachojirudia.

Msikilizaji wetu si mgeni kabisa kwa jambo hili. Muziki wa dansi una beti za taratibu, kiitikio, halafu chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamsha, gitaa linabadilika, tumba zinapanda, na wimbo unavuka dakika nane bila mtu kulalamika. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, mpiga nanga anaweza kusimulia habari ndefu ya mashujaa kwa ala moja na sauti moja. Urefu tunao. Hata uhusiano wenyewe upo: Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis hadi mwaka 1975, baadaye alishiriki kuanzisha lebo ya Real World, na ni lebo hiyo iliyotoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila mwaka 1989. Kazi za Hukwe Zawose nazo zilitoka huko. Sikio lililozoea nyimbo ndefu za progresivu lilikaa vizuri na dansi letu, na sioni kwa nini isiwezekane kinyume chake.

Fanya hivi. Chukua nota nne tu, zitakazokuwa mbegu. Zipige kwenye gitaa safi, polepole. Zipige kwenye ogani kwa kasi mara mbili. Zigeuze, ya mwisho iwe ya kwanza. Zipeleke kwenye mapigo saba. Mpe mpiga besi azirudie chini ya solo. Sasa una vipande vitano vya damu moja. Thick as a Brick inafanya kazi namna hiyo: sauti ulizosikia mwanzoni zinarudi zikiwa zimevaa nguo nyingine.

Halafu tafuta habari ya kusimulia, na tafadhali isiwe ya majumba ya mawe na wachawi wa Ulaya. Chukua uvuvi wa dagaa. Siku za giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, mbalamwezi ikiwa kali watu wanapumzika, kisha giza linarudi. Mwezi wenyewe umeshakupangia wimbo. Kipande cha kwanza ni matayarisho ufukweni, shafo ya kawaida, mapigo manne, kila mtu anacheza. Cha pili ni kuingia majini: besi imesimama kwenye A, kodi zinapita juu, hakuna drams. Cha tatu ni taa na nyavu, ile rifu ya saba. Cha nne ni upepo, ambapo gitaa na ogani vinaulizana na kujibizana, na huu ndio wakati wa solo. Cha tano ni kurudi mwaloni Kirumba alfajiri, chemko kamili, watu wote uwanjani. Dakika tisa hadi kumi na moja, na hakuna kipande hata kimoja ambacho hukukijenga kwenye hatua zilizotangulia.

Maneno yawe machache. Kipande cha pili kinaweza kwenda bila kuimbwa kabisa.

7. Sauti na vifaa

Ogani ya Hammond yenye spika ya kuzunguka hutaipata kirahisi Mwanza, lakini kinanda chochote cha kawaida kina sauti ya ogani na ya violini nyingi. Ya violini iweke nyuma sana, chini ya gitaa, ifunike tu nafasi iliyo wazi.

Pedali moja ya mwangwi ina faida kuliko pedali tano za kelele. Ilinganishe na wimbo: gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika moja, jibu ni milisekunde za pigo moja. Mapigo 100 yanakupa 600. Mapigo 120 yanakupa 500, na robo tatu yake, 375, inatoa ule mwangwi unaojaza katikati ya nota kana kwamba mko wapiga gitaa wawili. Andika namba hizo kwenye daftari kwa kila wimbo, na sauti za kinanda pia, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya onyesho baadhi ya vinanda husahau kila kitu ulichopanga.

8. Mazoezi ya bendi

Imbeni kabla ya kupiga. Vyombo vikiwa chini, kila mtu aimbe sehemu yake kwa mdomo, na wote wapige kofi la sato na dagaa. Asiyeweza kuimba sehemu yake hawezi kuipiga, anabahatisha.

Mpito kati ya vipande ndio unaovunja bendi, vipande vyenyewe mara nyingi viko salama. Kwa hiyo zoezeni vipimo viwili vya mwisho vya kipande cha kwanza pamoja na viwili vya mwanzo vya cha pili, mrudie hivyo vinne tu mpaka mchoke, kisha msogee kwenye mpito unaofuata. Wimbo mzima upigeni mara moja mwishoni mwa mazoezi, na urekodiwe.

Chagueni mwenye kutoa ishara, na asiwe anayepiga solo, maana mtu akiwa ndani ya solo hahesabu. Mpiga drams anafaa zaidi: fili (mapigo mafupi ya kujaza) moja maalumu ya snea yenye maana ya "tunahama", isiyotumika mahali pengine popote. Na kila mtu awe na ramani ya wimbo kwenye karatasi moja yenye maandishi makubwa: jina la kipande, mara ngapi, nani anaongoza.

Kama kuna mzee kwenye bendi, mpe nafasi ya kukataa. Waliopiga dansi miaka mingi wana saa ndani ya mwili, na wakisema mpito haukai, kwa kawaida haukai.

9. Jukwaani

Usiutangaze. Mara tu unaposema "sasa tutapiga mapigo saba", meza tatu zinaita bili. Anza na bluzi ya ngazi ya kwanza, ile ya mapigo 45. Hakuna atakayejua, ila wanamuziki waliokaa nyuma. Wiki kadhaa baadaye ingiza bluzi ya saba yenye drams za moja kwa moja.

Wimbo mrefu uweke katikati ya usiku, baada ya kopi ambayo watu wote wanaijua na kabla ya nyingine kama hiyo. Mapema mno baa ni tupu. Usiku wa manane watu hawataki kipande kisicho na drams. Zungumza na mwenye baa kabla, mwonyeshe kwamba kinaishia kwenye chemko. Tazama sakafu wakati wa kipande cha tatu: wakiendelea kucheza, drams zimefanya kazi yake. Wakikaa, kifupishe kipande hicho usiku uleule kwa ile ishara ya snea, kisha mkishughulikie mazoezini.

Wimbo ukishakomaa, rekodini wote kwa pamoja chumba kimoja, halafu muusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujazunguka kwenye simu za watu. Redio haitapiga dakika kumi na moja, kwa hiyo tengenezeni na toleo la dakika nne: shafo ya mwanzo, rifu ya saba, kisha moja kwa moja kwenye chemko. Msikate solo katikati. Ama iingie nzima, ama itoke nzima.